Somo: Namna ya kuliandikia Bunge maoni juu ya mswada

Kila mwaka Mswada wa Fedha, yaani mapendekezo ya sheria ya kodi, unapochapishwa, watu wengi huniuliza swali lilelile, "Nitalifikishiaje Bunge maoni yangu?", nami nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Somo hili linahusu Kenya, ambako Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi.

Hatua ya 1. Soma mswada wenyewe. Muhtasari wa WhatsApp si mswada.

Hatua ya 2. Soma tangazo la kamati ya Bunge inayoushughulikia mswada, lenye anwani ya Karani wa Bunge na siku ya mwisho ya kupokea maoni.

Hatua ya 3. Taja kifungu. Hapa ndipo nilipoharibu. Mara ya kwanza niliandika kurasa nne za uchungu juu ya bei ya unga na nauli, pasipo kutaja kifungu hata kimoja, na ripoti ya kamati ilipotoka nilijitafuta humo nisijione, kwa kuwa kilio kisicho na kifungu hakina pa kuwekwa. Siku hizi naandika nambari ya kifungu, maneno ninayotaka yafutwe au yabadilishwe, na sababu yake. Usichanganye vifungu viwili katika aya moja. Usinakili barua ya mwenzio, maana msomaji ataona hoja moja iliyorudiwa.

Hatua ya 4. Tuma, uweke nakala.

MASWALI

Natuma wapi?
— Hatua ya 2.

Barua zina faida gani, ilhali mwaka 2024 kilichosikika ni maandamano?
— Umeuliza jambo la maana. Tarehe 18 Juni 2024 kamati ilitangaza kuondoa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 kwa mkate na kodi ya asilimia 2.5 kwa magari, mambo mawili ambayo kila mtu aliweza kuyataja. Vijana hawakuridhika; Bunge liliupitisha mswada tarehe 25, waandamanaji wakaingia bungeni, watu wakauawa, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Lakini kumbuka kwamba vijana hao walikuwa wameusoma mswada na kuufasiri kwa lugha za nyumbani kabla ya kutoka barabarani. Kwa maoni yangu, hasira yao ilikuwa na nguvu kwa sababu ilijua inakataa nini.

Kwa hiyo tusisome, tuandamane tu?
— Sikusema hivyo. Rudia jibu lililotangulia.

Wakiyapuuza maoni yangu, mahakama itanisaidia?
— Usiitegemee sana. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, ushirikishaji wa umma ukiwa miongoni mwa hoja zake, lakini Oktoba Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo.

Mama yangu anaweza kuandika kwa Kiswahili?
— Anaweza kabisa. Kifungu cha 120 kinataja Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge. Mswadani atakuta Kiingereza, kwa hiyo anakili maneno anayoyapinga jinsi yalivyo, kisha aeleze sababu kwa Kiswahili chake. Akikwama kwenye nambari za vifungu, nitamsaidia.