Jinsi ya Kutofautisha Hitilafu ya Kiwandani na Uharibifu wa Baadaye katika Sarafu

Hatua ya kwanza ni kuiacha sarafu kama ilivyo. Usiisugue kwa majivu wala kwa ndimu, kwani utazifuta alama zilezile unazozitafuta. Ipime kwa mizani ya sonara, kisha uilinganishe na sarafu nzima ya aina hiyo na ya mwaka huohuo.

Hatua ya pili ni kukumbuka mpangilio wa kazi kiwandani: bamba la madini hukatwa vipande vya duara, kingo zake huinuliwa, kisha kila kipande hugandamizwa kati ya mihuri miwili ya chuma. Kasoro isiyo na nafasi katika mpangilio huo imetokea nje ya kiwanda.

Hatua ya tatu, ambayo kwetu Tanga ndiyo yenye kazi kubwa, ni kuchunguza matundu. Senti 10 za Afrika Mashariki za enzi ya Waingereza, zile zenye pembe za ndovu, zilitobolewa katikati kabla ya kupigwa chapa. Kwa hiyo, tundu lililokosea mahali kiwandani lina mdomo laini, na herufi zilizo karibu nalo hufifia au kupinda kwa sababu madini yalisukumwa kuelekea kwenye uwazi. Tundu lililotobolewa baadaye ili sarafu ivaliwe kama kidani hukata herufi ghafla. Ukiligeuzia kwenye mwanga utaona mikwaruzo ya mzunguko ya keekee ndani yake, na ukipitisha ukucha upande ilikotokezea, mara nyingi utakwama.

Hatua ya nne ni mistari. Ufa wa muhuri huacha mstari ulioinuka juu ya uso wa sarafu, mkwaruzo huzama. Ukingo ukiwa umemegwa, tazama upande unaoukabili: pengo la kiwandani kwa kawaida huambatana na ukingo dhaifu upande huo, ilhali tupa haigusi kitu huko.

Picha iliyozama na kugeuka kama ya kwenye kioo ichunguzwe kwa lenzi. Ikiwa chini yake kuna mabaki ya picha ya awali iliyobapwa, sarafu mbili zilibanwa pamoja kwenye jiliwa, na hiyo haistahili bei ya ziada inayolipwa kwa hitilafu ya kiwandani hata kidogo.

Heller 20 za mwaka 1916, sarafu za enzi ya Wajerumani, zihukumiwe kwa kipimo chake zenyewe. Zilitengenezwa Tabora wakati wa vita, katika karakana ya reli, na chapa hafifu ni ya kawaida kwake. Anayeiuza kwa bei ya ziada kwa sababu hiyo tu anamwonea mnunuzi.