Dini na shule Marekani: jipange kabla hujamwandikisha mtoto

Cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, uthibitisho wa makazi: andaa mapema, basi. Nataka tuongee kuhusu dini, maana wengi tunatua huku tukidhani shule ya serikali ina kipindi cha dini kama kwetu, padri kwa hawa, shehe kwa wale.

Hakuna. Na usidanganywe na historia. Massachusetts ya 1647, koloni la Wapuritani (Waprotestanti wenye msimamo mkali waliotoka Uingereza), iliagiza kila mji wenye kaya 50 uajiri mwalimu wa kusoma na kuandika, na wenye kaya 100 ufungue shule ya kuandaa vijana kwa chuo. Sababu imo ndani ya sheria yenyewe: Shetani, yule mlaghai wa tangu zamani, anataka watu wasiyajue Maandiko. Hata herufi A, mtoto alifunzwa kwa mfano wa dhambi ya Adamu. Leo ni kinyume: mwaka 1962 Mahakama ya Juu ilipiga marufuku shule za umma kuwaongoza watoto katika sala, na 1963 ikaondoa usomaji wa Biblia wa kila asubuhi.

Mimi nilijua hayo nikiwa nimeshachelewa. Miaka mitatu nilimwachia mwalimu kila kitu, zamu za usiku zinanimaliza. Krismasi tukaenda Moshi. Ukoo mzima mezani, babu yake akamwambia mjukuu wa Marekani abariki chakula. Mtoto akasimama, akaweka mkono kifuani, akatiririka Kiingereza kama maji. Ilikuwa kiapo cha bendera ya Marekani, kile wanachokisema shuleni! Alipofika “taifa moja chini ya Mungu” (maneno hayo ya Mungu yaliongezwa 1954 tu), babu akaitikia Amina kwa nguvu. Wazee wakamsifu. Mimi nilitamani ardhi inimeze, na ndizi nyama sikuimaliza.

Kiapo chenyewe si lazima, uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1943 unamlinda mtoto asiyetaka kukisema. Lakini mwanangu hakuwa na kingine cha kusema, na kosa lilikuwa langu. Hata wale Wapuritani, miaka mitano kabla ya sheria ya shule, mwaka 1642, walimbana mzazi kwanza: mtoto asome na ajue misingi ya dini, la sivyo faini. Siku hizi faini haipo, kazi imebaki pale pale nyumbani. Panga siku na saa. Dakika kumi kabla ya kulala zinatosha kuanzia.

Mengine kwa haraka. Mtoto anaruhusiwa kusali mwenyewe, mradi asivuruge somo; mwambie, wengine wanaogopa bure. Sikukuu zenu, andikia shule barua mapema. Nyama ya nguruwe, uliza kantini, usikisie. Ukitaka shule ya kanisa au ya Kiislamu, zipo halali, ila uliza ada yote, na sare, na kama basi linafika mtaa wenu. Karatasi usiyoielewa usitie sahihi.