Barua pepe haifunguki: ni neno la siri au ni ruhusa ya faili?

Mtu wa mapokezi anapolalamika kwamba barua pepe haifunguki, wengi wanaotunza seva za ofisi hapa Goma hukimbilia kumbadilishia neno la siri. Usianzie hapo. Dovecot, programu ya IMAP (njia ya kusoma barua zilizo kwenye seva) iliyo kwenye seva nyingi za Linux, hujiuliza maswali mawili. Kwanza: huyu ndiye kweli? Hiyo ni kazi ya passdb. Pili: sanduku lake liko wapi, na faili zake zifunguliwe kwa jina la nani? Hiyo ni kazi ya userdb. Kila swali lina amri yake ya kulipima, na kwa mtumiaji anayeitwa mauzo, ukiwa root (msimamizi mkuu wa seva), unaanza hivi:

doveadm auth test mauzo

Neno la siri usiliandike kwenye mstari huo, litabaki kwenye historia ya amri. Litaombwa lenyewe. Ukiona "auth succeeded", neno la siri ni zima. Liache, ruka hadi sanduku.

Likikataliwa, shuku kibodi kabla ya mtu. Kibodi nyingi za huku ni AZERTY za Kifaransa, ila seva iliyowekwa kwa Kiingereza huzisoma kama QWERTY. Aliyekaa mbele ya seva akibonyeza "amani" ameandika "q;qni". Amri ya doveadm pw, inayotengeneza neno la siri lililofichwa, huuliza neno mara mbili, lakini haikuokoi, kwa sababu kosa ni lilelile mara zote mbili. Ingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) kutoka kwenye kompyuta yako mwenyewe, kisha utengeneze upya:

doveadm pw -s SHA512-CRYPT

Nakili jibu lote, pamoja na mabano yake ya mwanzo, ulibandike baada ya jina kwenye faili ya watumiaji, kwa mfano /etc/dovecot/users. Faili hiyo iwe ya root, kundi dovecot, ruhusa 0640 (root aandike, kundi lisome tu, wengine wasiione). Wakikataliwa watumiaji wote kwa mpigo, mara nyingi Dovecot imeshindwa kuisoma faili hiyo. Na kama jaribio linapita kwenye seva ila simu ya mtumiaji inakataliwa, huenda anapitia mlango (port) 143 bila usimbaji. Mpe 993 wenye TLS, yaani usimbaji.

Sasa sanduku:

doveadm user mauzo

Utaona uid (namba ya mtumiaji), gid (namba ya kundi), home (folda yake) na mail (barua zilipo). Tuseme uid ni 5000, ya vmail, mtumiaji wa seva anayemiliki masanduku yote, na home ni /var/vmail/mauzo. Uid ikiwa chini ya first_valid_uid, ambayo kwa kawaida ni 500, Dovecot hukataa kufungua sanduku hata kama neno la siri ni sahihi. Kisha ikague njia nzima, folda baada ya folda:

namei -l /var/vmail/mauzo/Maildir

Hapa ndipo wengi hukwama. Maildir, folda yenye barua, yenyewe inaweza kuwa ya vmail na salama kabisa, kumbe folda ya juu yake, /var/vmail, ni ya root yenye 0700, yaani mwenyewe pekee ndiye huingia. Bila ruhusa ya x (ya kupita) kwenye kila folda ya njiani, vmail hapiti. Logi, yaani kumbukumbu za matukio ya seva, husema wazi: kwanza mstari wa "Login:", kisha "Permission denied" na "missing +x perm: /var/vmail". Mtu ameingia mlangoni, chumba kimefungwa. Dawa yake:

chown -R vmail:vmail /var/vmail
chmod 0700 /var/vmail

Tunakusihi, usiweke 777, yaani ruhusa zote kwa kila mtu. Yeyote mwenye akaunti kwenye seva ataweza kusoma na kufuta barua za wenzake.

Baada ya umeme kukatika ghafla, dalili hubadilika: logi inasema "Read-only file system". Diski imejifunga isiandikwe, na chown haitasaidia. Hifadhi nakala kwanza, kisha ukague diski kwa fsck ikiwa haijapachikwa (unmounted). Saa nayo huweza kurudi nyuma kama betri ya ubao imekufa, na Dovecot haipendi hilo hata kidogo. Weka saa za eneo za Africa/Lubumbashi kwa timedatectl na uwashe NTP, inayorekebisha saa kupitia mtandao.

Ukishindwa kabisa, weka auth_debug = yes kwenye usanidi wa Dovecot ili logi ieleze zaidi, pakia usanidi upya kwa doveadm reload, ujaribu mara moja, kisha uizime. Auth_debug_passwords usiiache ikiwaka hata usiku mmoja: huandika maneno ya siri ya watu kwenye logi, herufi kwa herufi.