Kufunga lifti ya nguzo mbili kwenye gereji ya nyumbani: kazi inaanzia kwenye zege

Gari la tani mbili likiwa juu ya lifti ya nguzo mbili, uzito wake wote unashukia kwenye mabamba mawili ya chuma, na mikono inayolibeba inazivuta nguzo zielekeane kwa ndani. Kinachozizuia zisianguke ni bolti tano au sita za kila nguzo pamoja na zege lililozishika. Kwa hiyo tumia nguvu zako nyingi chini, kabla hata ya kulipia mashine.

Nyumba nyingi za kwetu zina zege jembamba la milimita 75 hivi lililomwagwa juu ya mawe, kisha likapigwa niru. Kwa magari kuegeshwa linatosha, kwa lifti halitoshi. Watengenezaji wengi wa lifti za tani 4 wanataka angalau milimita 100 za zege lenye nguvu ya megapaskali 21, na wengine wanataka milimita 150. Niru na vigae havihesabiwi. Usikisie unene: toboa tundu la milimita 10 pale nguzo itakaposimama, ingiza waya uliokunjwa ncha, unasishe kwenye ukingo wa chini wa zege, weka alama juu, kisha vuta upime. Fanya hivyo sehemu mbili au tatu, kwa sababu mafundi humwaga nene mlangoni na nyembamba katikati.

Juu ya pevingi lifti haifungwi kabisa, hata kama kuna zege chembamba chini yake. Sakafu ya ghorofani nayo isiguswe bila mhandisi wa majengo kuikagua. Kabla ya kutoboa, hakikisha unajua bomba la maji, la maji taka na waya wa umeme vinapita wapi.

Sakafu ikishindwa kipimo, kata na umwage upya. Tunapendelea bamba moja la zege linalobeba nguzo zote mbili, la mita 4 kwa 2, unene wa milimita 200, kuliko vibamba viwili vidogo ambavyo kila kimoja kinaweza kutitia kivyake. Shindilia udongo na kifusi vizuri, suka nondo za milimita 12 kila baada ya sentimita 20 pande zote mbili, ziinue kwa vipande vya zege zisilale chini. Zege lake ni mita za ujazo 1.6. Kwa mchanganyo wa 1:1.5:3 utahitaji mifuko 13 ya saruji ya kilo 50, mchanga karibu mita za ujazo 0.7 na kokoto 1.35. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko. Fundi atataka kuongeza ili zege liteleze, mkatalie, kwa sababu maji ya ziada ndiyo yanayolifanya lije kuwa dhaifu. Limwagilie siku 7 mfululizo, na usitoboe kabla ya siku 28.

Sasa urefu wa paa. Lifti yenye boriti ya juu huhitaji mita 3.6 au zaidi, na gereji nyingi za nyumbani hazifiki hapo. Ile yenye bamba la chuma linalopita chini, katikati ya nguzo, huwa na nguzo za mita 2.8 hivi. Pima mpaka kenchi ya chini kabisa, au mpaka mlango unapokunjukia, kisha toa kimo cha gari. Chini ya dari ya mita 3, Axio yenye urefu wa mita 1.46 itapanda mita moja na nusu tu, na Noah itakuacha umekaa kwenye kigoda. Ni kazi inayofanyika, ila ijue mapema. Kwa upana, nguzo kwa nje huchukua kama mita 3.4. Acha nafasi ya kupita nyuma ya kila moja.

Kuchora mahali pa nguzo kunataka uzi wa chaki na utulivu. Chora mstari wa katikati wa gari, kisha mstari wa nguzo unaoukata kwa pembe mraba. Ukishaweka mabamba, pima kona kwa kona, kulia kwenda kushoto na kushoto kwenda kulia: vipimo viwili vilingane. Tundu lolote la bolti liwe angalau sentimita 15 kutoka ukingo wa zege, ufa au kiungo.

Nguzo moja inaweza kuzidi kilo 200. Isimamishe kwa cheni bloku au winchi ya kutolea injini, na usiiachie kabla bolti mbili hazijashika.

Toboa kwa drili ya nyundo kupitia matundu ya bamba lenyewe, ukitumia biti yenye kipenyo sawasawa na bolti. Biti iliyochakaa hutoa tundu lisilo duara. Tundu lizidi sehemu ya bolti itakayozama kwa sentimita 2 hivi. Halafu litoe vumbi: pulizia upepo, sugua kwa brashi ya waya, pulizia tena. Vumbi likibaki, kile kipete cha chini ya bolti, kinachotanuka unapoikaza, kinabana unga badala ya zege, na bolti itaonekana imekaza leo kisha ilegee mwezi ujao. Kabla ya kugonga bolti iingie, rudisha nati mpaka juu ya uzi ili nyundo isiharibu meno.

Kabla ya kukaza, simamisha nguzo wima kwa pima maji au timazi, pande mbili za kila nguzo. Penye mwanya chini ya bamba, weka vipande vya chuma vilivyokatwa umbo la kiatu cha farasi, vikiikumbatia bolti. Mbao hapana, na rundo la washa hapana. Mwanya ukizidi milimita 13, sakafu ina mteremko mkubwa mno, rudi kwenye zege. Kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kamwe usitumie bunduki ya upepo. Namba iko kwenye kitabu cha lifti. Kwa bolti za milimita 18 au 19 mara nyingi iko kati ya nyutonimita 115 na 200. Bolti ikizunguka bila kufika hapo, zege ni bovu au tundu limepanuka. Usiifiche kwa kuziachia kazi zile zilizobaki.

Mota ya kilowati 2.2 ya fezi moja hula ampea 16 hadi 20 ikiwa kazini, na zaidi inapoanza. Ivutie laini yake kutoka kwenye boksi la brekea, waya wa shaba wa milimita za mraba 4, brekea ya ampea 25 au 32, na ethi ya uhakika. Ukiiunganisha na ekstensheni, volti zinashuka, mota inaguguma na kapasita inaungua.

Kwenye mipira ya haidroliki, viungo vya koni havifungwi tepu nyeupe ya mabomba. Kipande cha tepu kikimeguka huenda kukaa kwenye vali, na lifti inaanza kushuka yenyewe. Jaza oili ya haidroliki namba 46 kwa mikoa ya joto, mara nyingi lita 10 hadi 12, na kiwango kipimwe mikono ikiwa chini.

Panda na ushuke mara kadhaa bila gari ili hewa itoke. Sikiliza loki, yaani vizuizi vya usalama vinavyoshika mikono isishuke: za nguzo zote mbili zilie pamoja. Moja ikichelewa, rekebisha nati za kebo zinazounganisha pande mbili, nusu mzunguko kwa mara moja, ukijaribu kila hatua.

Kisha gari. Liinue sentimita 30, litikise kwa mikono, kagua kila bolti, ndipo uende juu na ulishushe likae kwenye loki. Hufanyi kazi chini ya gari lililoshikwa na oili peke yake. Ukitoa injini, uzito unahamia nyuma na gari linaweza kuinuka pua, kwa hiyo weka stendi ndefu chini ya sehemu ya nyuma kabla ya kulegeza bolti ya kwanza. Baada ya wiki ya matumizi rudia toki kwenye bolti zote za chini, kisha kila miezi mitatu.