RAM ya Q6600: shika kalamu kwanza, dukani baadaye

Mimi huhariri video za harusi hapa Mji wa Kale, Mombasa, na nyingi ni za usiku wa kupamba. Bibi harusi amekaa kitini na hina yake mpaka viwikoni, ukumbi mzima ni wanawake watupu, na mwenye kamera ni mwanamke. Picha zile ni amana. Ndiyo sababu kompyuta yangu haitoki nyumbani kwenda kwa fundi, na ndiyo sababu ilinibidi nijifunze mwenyewe kuiovakloki, yaani kuipandisha prosesa kasi kuliko ilivyotoka kiwandani.

Prosesa yangu ni Core 2 Quad Q6600, ambayo Intel waliitoa mwaka 2007. Ina viini vinne na kasi ya 2.4 GHz. Niliinunua ndani ya mashine ya mtumba kutoka Uingereza. Ikiwa na wewe unayo, au ndugu yake wa ukoo huo huo wa Core 2, RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ndiyo itakayoamua utafika wapi. Watu hukimbilia feni kubwa na volti, RAM wanaikumbuka mashine inapoanza kuzimika.

Anza na hesabu. Kasi ya prosesa hii hupatikana kwa kuzidisha namba mbili: FSB, ambayo ni njia inayoiunganisha prosesa na mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), na kizidisho. Kiwandani FSB ni 266 MHz na kizidisho ni 9, ukizidisha unapata kama 2,400. Kizidisho cha Q6600 hakipandi juu ya 9. Hushuka tu, hadi 6. Kwa hiyo ukitaka kasi zaidi, huna budi kupandisha FSB, na ukiigusa FSB umeigusa RAM pia, maana saa ya RAM, yaani kasi ya mapigo yake, huifuata FSB kwa uwiano.

Namba za kwenye lebo huchanganya. Utasoma FSB 1066 kwa kuwa njia ile hupitisha data mara nne kwa kila pigo la saa, yaani 266 mara 4. RAM ya DDR2, ambayo ndiyo aina ya mashine hizi, hupitisha mara mbili, hivyo DDR2-800 saa yake halisi ni 400. Ukishazirudisha namba zote kwenye saa halisi, mambo hunyooka. FSB ya 333 kwa uwiano wa moja kwa moja (1:1) inataka DDR2-667, na prosesa itakuwa 3.0 GHz. FSB ya 400 inataka DDR2-800, na kwa kizidisho cha 9 prosesa itakuwa 3.6 GHz.

Sasa shika hili, maana mimi liliniumiza. Mazabodi yangu ina chipseti (chipu zinazoisimamia bodi) ya P35, na chipseti hiyo haikubali RAM iende polepole kuliko FSB. Moja kwa moja ndio uwiano wa chini kabisa. Mwenye RAM ya DDR2-667 ukuta wake uko kwenye 333, na akiupita anaisukuma RAM kuliko ilivyoahidiwa.

Mimi niliupita. Muuzaji mmoja aliniambia RAM ni RAM, nikachukua vipande viwili vya 667, nikapandisha FSB hadi 380. Mashine iliwaka vizuri, Windows ikafunguka, nikafurahi. Kisha nikatoa video ya kupamba ya saa mbili, na katikati yake, bibi harusi anapofunuliwa uso, vikatokea vibonge vya rangi ya kijani. Siku tatu nzima nilikuwa nikiilaumu kamera. Kumbe kamera haikuwa na kosa lolote, na picha za asili zilikuwa salama kwenye kadi. RAM ndiyo iliyokuwa ikikosea herufi moja moja kimya kimya. RAM iliyozidiwa si lazima izime mashine. Inaweza kukuharibia kazi huku kila kitu kikionekana kizima.

Kwa hiyo, kwa Q6600, tafuta DDR2-800. Kwenye lebo huandikwa pia PC2-6400, na ile 667 huandikwa PC2-5300. DDR2-1066 ni nzuri ukiipata kwa bei ile ile, lakini usiongeze pesa kwa ajili yake. Itakufaa ukipita FSB ya 400, na kwa joto la Mombasa sikushauri ufike huko.

Soma lebo yote, usiishie kwenye ukubwa. Mfano, "2GB 2Rx8 PC2-6400U-555". Herufi U ndiyo unayoitaka, ni RAM ya kompyuta ya mezani. Ukiona P au F mahali pake, hiyo ni ya seva na haitafanya kazi kwenye mazabodi yako hata ikiwa mpya. Zile 555 ni taimingi, yaani mapigo ya saa ambayo RAM husubiri, na ya kwanza ndiyo CL. Ukitaka kujua RAM inachelewa kiasi gani, zidisha CL kwa 2,000 kisha gawa kwa namba ya DDR2. DDR2-800 ya CL5 inachelewa nanosekunde 12.5, ya CL6 inachelewa 15. DDR2-667 ya CL5 nayo ni 15. Kati ya 800 yenye 666 na 800 yenye 555, chukua 555. Tofauti kwenye kazi ya video ni ndogo, lakini kipande kinachoweza 555 mara nyingi kina nafasi zaidi ya kusukumwa.

Volti ya kawaida ya DDR2 ni 1.8. Vipo vipande vya kifahari vyenye bamba la kupoza ambavyo hutaka 2.0 au 2.1 ndipo vifikie kasi iliyoandikwa. Sivipendi kwa mtumba. Hujui mmiliki wa kwanza alivitesa kwa miaka mingapi. Chukua vya kawaida vya 1.8, na ikibidi uviongezee kidogo, uanzie chini.

Vipande viwili vya 2GB ni bora kuliko vinne vya 1GB, kwa sababu vinne huilemea chipu ya kaskazini iliyo kwenye mazabodi, nayo ndiyo inayoiendesha RAM katika mashine hizi. Viwe pacha, chapa moja na namba moja. Vile vya 4GB vya bei ya chini vinavyouzwa kuwa ni vya mashine za AMD, mshindani wa Intel, viache. Havikubali kwenye mazabodi za Intel.

Ukienda dukani, iwe Digo Road au kwingineko, washa tochi ya simu uangalie meno ya dhahabu. Hewa yetu ina chumvi, na RAM iliyokaa wazi huota madoa ya kijani au meusi. Madoa mepesi hutoka kwa raba ya penseli, lakini yaliyochimba hayatoki. Tazama pia pengo la katikati ya meno, maana DDR3 hufanana sana na DDR2 lakini pengo lake liko mahali pengine, hivyo haiingii. Usilazimishe. Patana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba ikifeli kipimo utairudisha.

Nyumbani, jaribu RAM kabla ya kuisumbua prosesa. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya mazabodi kabla Windows haijafunguka, shusha kizidisho hadi 6, pandisha FSB hadi 400, uwiano moja kwa moja, RAM 800, taimingi uziandike mwenyewe kama lebo inavyosema. 400 mara 6 ni 2,400, kasi ile ile ya kiwandani, hivyo kosa lolote litatoka kwenye RAM au mazabodi. Skrini ikibaki nyeusi, zima umeme ukutani, toa betri ya duara ya CR2032 kwa dakika chache, uanze upya na FSB ya chini. Ikiwaka, endesha Memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi, angalau mizunguko minne. Kosa moja tu likitokea, RAM imeshindwa. Jaribu kipande kimoja kimoja ujue mkosaji ni yupi.

Ikipita, ndipo upandishe kizidisho: 7 ni 2.8 GHz, 8 ni 3.2. Baada ya kila hatua, toa video halisi uitazame mpaka mwisho.

Na kipimo cha mwisho kifanye saa nane za mchana, si usiku wa manane. Wakati wa kaskazi, Februari na Machi, chumba changu huwa tanuri hata dirisha likiwa wazi. Kwenye 3.2 GHz mashine ilipita usiku ikafeli mchana. Nikarudi kwenye 333 mara 9, yaani 3.0 GHz, na RAM nikaiacha 800 kwa uwiano wa 5:6, yaani FSB 333 kwa RAM 400. Hapo ndipo ilipo hadi leo, kaskazi na kusi, na vibonge vya kijani sijaviona tena.