Unaunda siskoli? Acha nafasi ya flagi, na zile usizozijua zikatae

Kama unaandika siskoli mpya (mlango ambao programu inapitia kuiomba kazi keneli, yaani kiini cha OS), iwe ni ya Linux au ya kile ki-OS chako cha kuchezea usiku, weka argumenti ya flagi (namba ambayo kila biti yake inawasha au kuzima tabia fulani) hata kama leo huna flagi hata moja ya kuweka. Najua unaona ni kujaza nafasi bure, ila cheki yaliyowakuta Linux. dup2, pipe, inotify_init na wenzake zilitoka bila flagi, halafu ikaonekana kuna shida ya mbio: thredi moja inafungua faili, inataka kuita fcntl iweke FD_CLOEXEC (alama ya kwamba faili lifungwe exec ikiitwa), kabla haijafika huko thredi nyingine inapiga fork (kunakili mchakato) na exec (kuanzisha programu mpya ndani yake), basi programu mpya inarithi faili ambalo halikuwa lake kabisa. Dawa ni kufungua na kuweka CLOEXEC kwa mpigo mmoja, sasa utaiweka wapi wakati hakuna pa kuiweka? Huwezi kuongeza argumenti kwenye siskoli ya zamani maana programu za zamani haziijazi ile rejista (kisanduku cha CPU kinachobeba argumenti), keneli itasoma takataka zilizobaki humo. Ndo mwaka 2008 ikabidi zije dup3, pipe2, inotify_init1, epoll_create1, accept4, ukoo mzima. (Hizo namba za mwisho ni idadi ya argumenti, ila renameat2 ya 2014 ina argumenti 5, hapo 2 ni toleo tu, usiniulize.)

Sasa hapa ndo wengi wanateleza. Kuweka flagi haitoshi, lazima ukatae biti usizozijua:

if (flags & ~FLAGI_HALALI)
    return -EINVAL;

Mstari huu (EINVAL ni kosa la "argumenti si halali") uwe wa kwanza kabisa, kabla hujagusa kitu. Ukiuruka, watu watapitisha uchafu na programu zitafanya kazi tu, kesho ukitaka kuipa ile biti maana unavunja programu za watu. Halafu programu nayo haiwezi kujua kama keneli imeielewa flagi ama imeipotezea. open ndo ina huu ugonjwa, flagi asiyoijua anainyamazia. Walipoleta O_TMPFILE (flagi ya kutengeneza faili la muda lisilo na jina) mwaka 2013 ilibidi wafanye ujanja, wakaichanganya ndani yake na O_DIRECTORY (flagi ya "fungua folda tu"), ili keneli ya zamani ione mtu anafungua folda kwa kuandika na irudishe kosa badala ya kukubali kimyakimya. Ni akili nzuri sana, lakini akili ya kuzima moto ulioukoka mwenyewe. mmap (siskoli ya kuweka faili kwenye memori) nayo hivyo hivyo, mpaka ikazaliwa MAP_SHARED_VALIDATE, flagi inayoiambia keneli ikatae zile isizozijua.

Flagi za kwenye rejista ziwe unsigned int, biti 32. Ukiweka 64, kwenye mashine za biti 32 itabidi igawanywe rejista mbili na utajuta.

Ukiona argumenti zinakaribia 6, au flagi zinakuja na data zake, hamia kwenye strakti (fungu la fildi kwenye memori) na upokee saizi yake pembeni, kama clone3 (2019, clone ilishaishiwa biti) na openat2 (2020). Mtu akileta strakti fupi kuliko yako, sehemu iliyobaki jaza sifuri. Akileta ndefu, kagua zile baiti za ziada: zote zikiwa sifuri endelea, ikionekana hata moja isiyo sifuri rudisha E2BIG (kosa la "kubwa mno"). Kwenye Linux usijiandikie hiyo, copy_struct_from_user ipo. Sharti lake ni kwamba kila fildi mpya, sifuri imaanishe "fanya kama zamani", na mashimo (baiti tupu zinazoachwa na kompaila) katikati ya fildi usiyaache, yape majina na uyakague nayo.

Ukimaliza, iite siskoli yako na 1u << 31 (biti ya juu kabisa) kabla hujaipa kazi hiyo biti. Ikirudisha chochote kisicho EINVAL, ule mstari wa juu umeusahau.