Andika siku yako kwanza, ndipo utafute kituo

Kwa miaka 9 nilikuwa mlezi wa chumba cha wachanga katika kituo cha kulelea watoto. Mwanangu wa kwanza alipofikisha mwaka na nusu, nilidhani kumtafutia kituo itakuwa kazi nyepesi, maana mambo ya ndani nayajua. Nikampeleka mahali penye kuta za kupendeza na vitu vya kuchezea tele. Kituo kile kilifungwa saa 11 jioni. Mimi nilitoka kazini saa 11 kasorobo, na njiani ni nusu saa. Karibu kila jioni nilimkuta mtoto amebaki peke yake, mkoba mgongoni, na mlezi amesimama mlangoni huku ameshafunga madirisha. Nilikuwa nimechagua kituo kinachomfaa mzazi anayetoka kazini saa 9, na mimi siye.

Ndiyo maana mzazi akiniomba ushauri, namwambia aanze na karatasi. Andika saa unayotoka nyumbani, saa unayofika kazini, saa unayotoka na saa unayofika tena. Usiandike siku nzuri. Andika ile siku ambayo bosi amekushika dakika za mwisho na barabara imefunga. Chini yake andika majina ya watu wengine wanaoweza kwenda kumchukua mtoto. Ukikuta hakuna jina hata moja, umeshajua jambo kubwa kuhusu kituo unachohitaji.

Karatasi hiyo pia itakuamulia kama utafute karibu na nyumbani au karibu na kazini. Anayenyonyesha hufaidika na kituo kilicho karibu na kazi, kwa sababu anaweza kukimbia mchana akanyonyesha, na mtoto akipata homa anafika mara moja. Mwenye bibi au jirani wa kutegemewa ni heri atafute karibu na nyumbani. Wapo wanaoona haya kukiri kwamba waliangalia umbali kabla ya kitu kingine. Msione haya. Mzazi anayefika amechoka na kuchelewa kila siku humpokea mtoto kwa haraka, na mtoto huhisi.

Kuhusu ada, uliza yote kwa mara moja: kujiandikisha, faini ya kuchelewa, siku za likizo na siku ambazo mtoto anaumwa. Na jambo moja linaniuma: nyumba nyingi hupima ada kwa mshahara wa mama peke yake, kisha husema "hailipi". Mtoto ni wa wote wawili. Pimeni kwa mapato ya nyumba nzima.

Maneno ya watu yana nguvu kuliko tangazo lolote, nami nayaamini, ila uulize vizuri. Ukimwuliza mzazi mwenzako "Pale pazuri?" atakujibu "Pazuri." Mwulize hivi: "Mara ya mwisho mtoto wako alipoanguka au kuumwa pale, nani alikuambia, na alikuambia lini?" Mzazi aliyeambiwa saa ile ile atakusimulia bila kusita. Aliyegundua alama mwenyewe jioni wakati wa kuoga, utamsikia akinyamaza kidogo kwanza.

Sasa nenda ukaone, na hapa usiwe na haraka. Usiende asubuhi wakati kila kitu kimepangwa. Nenda watoto wanapoamka usingizini, nusu wanalia, nusu wamelowa. Omba kukaa pembeni nusu saa bila kutembezwa. Hesabu watu waliomo chumbani wakati huo, usihesabu walioandikwa kwenye karatasi ya ofisini. Kwa kipimo, sheria ya England inataka mlezi 1 kwa kila watoto 3 walio chini ya miaka 2. Huenda unapoishi kanuni ni nyingine, lakini ukikuta mlezi mmoja na wachanga wanane, huhitaji kanuni kukwambia kwamba wapo watakaolia bila kufikiwa.

Kisha tazama nepi inavyobadilishwa. Nilifanya kazi na mama mmoja ambaye hakuwahi kumnyanyua mtoto bila kumwambia. Alikuwa akiinama, anamtazama usoni, anasema "Nakubeba sasa," halafu anangoja. Wachanga wa miezi 5 walikuwa wanamnyooshea mikono. Akimaliza ananawa mikono kwa sabuni ndipo amshike mwingine, hata kama huyo mwingine anapiga kelele. Mlezi wa namna hiyo ana thamani kuliko ukuta wowote uliopakwa rangi.

Tazama na wanavyolazwa. Mtoto aliye chini ya mwaka alazwe chali, kwenye godoro gumu na tambarare, bila mto wala blanketi zito. Marekani walipoanza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1994, vifo vya ghafla vya wachanga usingizini vilipungua kwa takriban nusu katika miaka iliyofuata. Kituo kikikujibu kwamba "wetu wamezoea kulala kifudifudi", ondoka.

Swali la mwisho kwa mkuu wa kituo: walezi wa chumba hiki wamekaa muda gani? Mchanga hakizoei kituo, humzoea mtu. Walezi wakibadilika kila baada ya miezi michache, mtoto anaanza upya kila mara.

Najua pia hofu ambayo kina mama huniambia kwa sauti ya chini: "Hatanisahau?" Utafiti ulioanza Marekani mwaka 1991 ulifuatilia watoto zaidi ya 1,300 tangu kuzaliwa, na ukaona kwamba hali ya nyumbani na jinsi mama anavyomwitikia mtoto vina uzito kuliko kule kulelewa kituoni kwenyewe. Malezi bora kituoni nayo yalionekana katika lugha na ufahamu wa watoto. Kwa hiyo nenda kazini, lakini uchague vizuri.

Siku za kwanza mwache kwa saa moja, kisha mbili, kisha nusu siku. Kati ya miezi 8 na mwaka na nusu kilio cha kuachana huwa kikali sana. Usitoroke akiwa amegeuka. Muage, mwambie utarudi, uondoke. Baada ya dakika kumi piga simu uulize kama amenyamaza. Kilio kikiendelea siku nzima hata baada ya wiki tatu nne, au akianza kukakamaa akimwona mlezi fulani, rudi ukakae tena ile nusu saa. Na saa zako za kazi zikibadilika, toa karatasi mpya.